Mashine, tumbo au figo ya ndugu: njia za kuondoa sumu kwa mgonjwa wa figo anayeishi Dodoma

Daktari akishasema figo zimefika hatua ya tano, swali la kwanza la familia huwa ni bei ya mashine. Ni swali la haki, ila kuna mawili yanayopaswa kulitangulia: mgonjwa bado anakojoa kiasi gani kwa siku, na kutoka nyumbani kwake hadi kituo cha kusafisha damu ni mwendo wa saa ngapi? Anayeishi Area C, mjini, na anayeishi Kibakwe, mbali wilayani Mpwapwa, wanaweza kuwa na majibu ya maabara yanayolingana kabisa, na bado njia inayomfaa mmoja ikamwangusha mwenzake.

Kuanza tiba kusiamuliwe na namba ya kreatinini (taka ya misuli inayopimwa kwenye damu) peke yake. Wengi huanza uwezo wa figo ukiwa kati ya mililita 5 na 10 kwa dakika, dalili zikiwa zimejitokeza: kutapika kusikokoma, kuwashwa mwili mzima, usingizi wa mchana, mapafu kujaa maji, au potasiamu isiyoshuka kwa dawa. Akichanganyikiwa, akishtuka misuli, au daktari akisikia msuguano kwenye moyo, hakuna tena nafasi ya kulinganisha njia. Hiyo ni dharura, na mashine huanza siku hiyo hiyo.

Sumu hazifanani, na hapo ndipo njia zinapotofautiana

Urea, taka itokanayo na protini, ni molekuli ndogo na hupita kwenye kichujio cha mashine bila shida. Potasiamu nayo ni ndogo, lakini takriban asilimia 98 ya potasiamu ya mwili imo ndani ya seli. Mashine huondoa ile iliyo kwenye damu, kisha ile ya ndani hutoka polepole saa kadhaa baadaye. Kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa dakika chache baada ya kumaliza huonyesha hali nzuri kuliko ilivyo.

Fosforasi ndiyo inayozisumbua njia zote. Hesabu yake inafaa kufanywa wazi. Mgonjwa anayekula protini ya kutosha huingiza mwilini takriban miligramu 4,000 za fosforasi kwa wiki. Mzunguko mmoja wa mashine wa saa 4 huondoa karibu miligramu 800, kwa hiyo mara 3 ni 2,400. Njia ya tumbo, yaani kusafisha kwa dawa ya maji inayoingizwa na kutolewa tumboni, huondoa karibu 300 kwa siku, yaani 2,100 kwa wiki. Katika hali zote mbili kuna baki, na baki hilo huunguza ngozi kwa muwasho, hudhoofisha mifupa na hugandisha chokaa kwenye mishipa. Vidonge vya kalsiamu kaboneti huzuia fosforasi tumboni, mradi vimezwe pamoja na chakula. Vikinywewa saa mbili baada ya kula havina kazi ya kuzuia, vinaongeza kalsiamu tu.

Kisha kuna sumu kubwa kama beta-2 mikroglobulini, yenye uzito wa karibu mara 200 ya urea, ambayo kichujio cha matundu madogo hakiitoi. Na kuna zile zilizong'ang'ania protini za damu, kama indoksili sulfeti, ambayo huanzia kwa bakteria wa utumbo. Mashine haiziwezi vizuri. Figo iliyochoka ya mgonjwa mwenyewe, hata ikibaki na uwezo kidogo, huziondoa kuliko mashine. Ndiyo maana mkojo wa nusu lita kwa siku ni mali ya kulindwa.

| | Mashine | Tumbo | Figo iliyopandikizwa |
|---|---|---|---|
| Saa za kusafisha kwa wiki | 8 hadi 12 | karibu zote 168 | zote 168 |
| Safari za hospitali | mara 2 au 3 kwa wiki | takriban mara 1 kwa mwezi | nyingi miezi ya mwanzo, kisha hupungua |
| Potasiamu | hupanda siku za pengo (zisizo na mashine) | hutulia, wakati mwingine hushuka mno | takrolimasi (dawa ya kuzuia mwili kuikataa figo) inaweza kuipandisha |
| Mkojo uliobaki | hupotea haraka | hudumu zaidi | hauna uzito tena |
| Linaloharibika zaidi | njia ya damu (pa kutolea na kurudishia damu), presha kushuka | maambukizi ya tumbo | mwili kuikataa figo |

Mashine

Hii ndiyo njia inayopatikana kirahisi zaidi mkoani, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ni mojawapo ya vituo vinavyoitoa. Kipimo cha kawaida ni saa 4, mara 3 kwa wiki, damu ikienda mililita 250 hadi 400 kwa dakika. Mzunguko wa kwanza kabisa hufupishwa hadi saa 2 na damu hupitishwa polepole, kwa sababu urea ikishuka ghafla kwenye damu huku ubongo ukiwa bado nayo, maji huingia kwenye ubongo: kichwa huuma, mgonjwa hutapika, na akizidiwa hupata degedege. Ndugu wanaolalamika kwamba "wamemtoa mapema" siku ya kwanza wajue kwamba hivyo ndivyo inavyopaswa.

Kama damu imesafishwa vya kutosha hupimwa kwa urea ya kabla na ya baada. Ikiwa kabla ilikuwa 28 na baada ni 9, chukua 28 utoe 9, gawanya kwa 28: imeondoka asilimia 68. Chini ya 65 ni pungufu. Sampuli ya baada ichukuliwe pampu ikiwa imeshushwa hadi mililita 100 kwa dakika kwa sekunde 15 hivi. Ikichukuliwa pampu ikikimbia, damu iliyokwisha kusafishwa inaweza kujichanganya humo, na majibu yakapendeza bure. Ikiwa asilimia imeshuka kwa mgonjwa ambaye zamani alikuwa sawa, anza kutafuta kwenye njia ya damu kabla ya kulaumu kichujio: katheta (bomba la kupitishia damu) iliyoanza kuziba, sindano zilizochomwa karibu karibu, au dakika zilizokatwa kila kengele ilipolia.

Njia ya damu ndiyo jambo ambalo familia nyingi hulichelewesha, na gharama yake ni kubwa. Fistula ya mkono, yaani ateri na vena zilizounganishwa kwa upasuaji mdogo, huchukua wiki 6 hadi 12 kukomaa. Asiyeitengeneza mapema huanza na katheta ya shingoni, ambayo ni mlango wa bakteria moja kwa moja kuelekea moyoni. Mwenye katheta akipata baridi kali na homa katikati ya kusafishwa, chanzo ni katheta mpaka ithibitishwe vinginevyo. Damu ya kuoteshwa ichukuliwe kwanza, antibayotiki zifuate papo hapo. Malaria ipimwe pia, lakini isitumike kuwa kisingizio cha kumrudisha nyumbani na dawa mseto.

Maji yanastahili aya yake, hasa huku. Dawa ya kusafishia hupita mililita 500 kwa dakika, kwa hiyo saa 4 ni lita 120, zote zikitenganishwa na damu kwa utando mwembamba tu. Mji wa Dodoma hutegemea sana visima vya bonde la Makutupora, na maji ya visima vya kanda hii mara nyingi ni magumu, yanaacha ukoko mweupe kwenye birika. Kituo kinahitaji kilainishi cha kutoa kalsiamu na magnesiamu, chujio la mkaa la kutoa klorini, na mtambo wa osmosisi wa kumalizia. Kilainishi kikishindwa, wagonjwa kadhaa kwenye zamu moja hupata kichefuchefu, kichwa na presha ya juu kwa pamoja. Mkaa ukichoka, kloramini hupasua chembe nyekundu za damu, na hemoglobini hushuka bila mtu kutoka damu. Mtu anayechagua kituo ana haki ya kuuliza klorini hupimwa lini. Jibu linalofaa ni kwamba hupimwa kabla ya kila zamu na huandikwa kwenye daftari.

Mara 2 au mara 3? Wengi huenda mara 2 kwa sababu ya pesa au kibali cha bima. Kwa mwenye mkojo unaozidi mililita 500 kwa saa 24, uzito usiopanda zaidi ya kilo 2.5 kati ya mizunguko, na potasiamu isiyovuka 5.5, mara 2 inaweza kumtosha kwa muda. Kwa asiyekojoa kabisa haitoshi, na hilo lisemwe wazi bila kumfariji. Ukikusanya mkojo, tumia dumu safi la lita 5: ule wa kwanza alfajiri mwage, kisha weka wote mpaka na ule wa alfajiri inayofuata. Rudia kila mwezi au miezi miwili. Siku zipangwe Jumatatu na Alhamisi, au Jumanne na Ijumaa, kamwe zisiwe Jumatatu na Jumatano, kwa kuwa pengo la siku 5 ndilo linaloua kwa potasiamu na maji.

Uzito nao una kikomo. Kwa mtu wa kilo 60, kutoa zaidi ya mililita 780 kwa saa kunauchosha moyo, yaani takriban lita 3 kwa saa 4. Akija na kilo 5 za maji hakuna muujiza: ama presha itaanguka na miguu kukaza misuli, ama ataondoka na maji mengine ndani. Kiu ya joto la Oktoba Dodoma ni kweli ipo, lakini nyingi inatokana na chumvi. Gramu 9 za chumvi, kama kijiko cha chai kimoja na nusu, hushikilia lita nzima ya maji mwilini.

Tumbo

Hapa utando wa tumbo wenyewe ndio kichujio. Bomba laini huwekwa chini ya kitovu, huachwa wiki 2 jeraha lipone, kisha mgonjwa hubadilisha mfuko wa dawa wa lita 2 mara 4 kwa siku. Dawa hukaa tumboni saa 4 hadi 6 mchana, na usiku saa 8 hadi 10. Kila badiliko ni dakika 30 hadi 40: dakika kama 20 za kutoa, 10 za kuingiza. Sukari iliyo kwenye mfuko ndiyo inayovuta maji. Mfuko wa asilimia 1.5 una gramu 30 za sukari, wa 2.5 una 50, wa 4.25 una 85. Mwenye kisukari anayetumia mifuko mizito kila siku ataona sukari yake ikipanda, na insulini itahitaji kupangwa upya.

Faida zake zinaonekana zaidi kwa wakazi wa mbali. Kutoka Kondoa au Mpwapwa hadi mjini ni zaidi ya kilomita 100, na kwenda mara 3 kwa wiki ni kuacha kazi kabisa. Sumu hazipandi na kushuka kama bembea, moyo dhaifu hauchoshwi, na chakula kina uhuru zaidi kwa kuwa dawa yenyewe haina potasiamu.

Vikwazo vyake ni viwili, na kimoja hakimhusu mgonjwa hata kidogo. Njia hii haijaenea Tanzania kama mashine, kwa hiyo kabla ya kuwekwa bomba, pata uhakika wa nani ataleta mifuko na nani ataihudumia. Mwezi mmoja ni mifuko 120, lita 240, zaidi ya robo tani ya mzigo unaohitaji chumba kikavu kisichopigwa na jua. Bila mnyororo huo wa ugavi, ubora wa njia ni wa kwenye karatasi.

Kikwazo cha pili ni usafi wakati wa kuunganisha. Kati ya Juni na Septemba upepo wa Dodoma hujaza vumbi hadi kabatini. Funga dirisha, zima feni, vaa barakoa, nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 2 (mtungi wenye koki unatosha), kausha kwa karatasi safi, kagua tarehe, nguvu ya sukari na kama mfuko unavuja. Mfuko usipashwe kwenye sufuria ya maji moto, maji yanaingia kwenye mdomo wake. Kabla ya kuingiza, acha dawa kidogo ipite kwenda mfuko wa taka ili itoe hewa. Kila maji yanayotoka yaweke juu ya gazeti: usipoweza kusoma herufi, yamechafuka. Chukua mfuko huo huo, uende nao hospitali siku hiyo. Chembe nyeupe zaidi ya 100 kwa mikrolita, nusu yake au zaidi zikiwa neutrofili (aina inayopambana na bakteria), ni maambukizi, na antibayotiki huwekwa ndani ya tumbo. Yakitoka maji machache kuliko yaliyoingia, sababu ya kwanza ya kutafuta ni choo kigumu. Laktulosi, dawa ya kulainisha choo, mara nyingi huondoa tatizo kabla ya picha ya eksirei.

Figo ya ndugu

Hii ndiyo inayoondoa sumu zote tulizotaja, kubwa na ndogo, na kurudisha damu na mifupa. Muhimbili ilianza upandikizaji mwaka 2017, na Benjamin Mkapa ikafuata mwaka 2018, hivyo mkazi wa kanda ya kati hana tena lazima ya kwenda India. Mtoaji ni ndugu aliye hai na anayekubali kwa hiari. Kununua au kuuza figo ni kosa. Hupimwa kundi la damu, ulinganifu wa tishu, uwezo wa figo zote mbili, presha, sukari, homa ya ini na virusi vya ukimwi. Ndugu mwenye presha isiyodhibitiwa au kisukari hafai hata akilia kuomba, kwa sababu kesho atakuwa mgonjwa wa pili katika nyumba moja.

Figo kutoka kwa mtu aliye hai huweza kudumu miaka 15 hadi 20, kwa sharti la dawa kila siku: takrolimasi kila saa 12, mikofenoleti na prednisoloni. Hapa ndipo figo hupotea kwa makosa ya duka la dawa. Erithromaisini na flukonazoli huipandisha takrolimasi hadi kuiunguza figo. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha hadi mwili ukaikataa figo. Anayeanza dawa za TB lazima kipimo cha takrolimasi kirudiwe ndani ya siku chache, na daktari wa figo ajue kabla ya kidonge cha kwanza. Balungi liachwe kabisa. Kabla ya upasuaji, ulizeni dawa za miaka ijayo zitalipwa na nani. Bili ya upasuaji ni ya mara moja, ile ya dawa haina mwisho.

Bila mashine

Kwa mzee aliyepita miaka 80, mwenye moyo uliochoka na asiyetoka kitandani, mashine inaweza kuongeza siku chache na nyingi kati ya hizo zikatumika hospitalini. Kuchagua dawa na chakula tu ni tiba kamili, na si kumtelekeza. Furosemaidi kwa maji, sodiamu baikaboneti kwa asidi, kalsiamu kaboneti kwa fosforasi, dawa ya kuongeza damu, parasetamoli kwa maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni ziachwe, na vidonge vya magnesiamu vya kiungulia pia, maana magnesiamu hurundikana na kudhoofisha misuli na pumzi. Insulini mara nyingi hupunguzwa, kwa kuwa figo iliyoshindwa haiitoi mwilini kama zamani na sukari hushuka ghafla usiku. Dawa za mitishamba "za kusafisha figo" tunazikataa waziwazi: baadhi zina potasiamu nyingi, nyingine huua kabisa uwezo mdogo uliobaki.

Sahani hubadilika kwa njia uliyochagua

Kosa la kawaida ni kubaki na mlo wa zamani baada ya kuanza tiba. Asiye kwenye mashine hupunguza protini hadi gramu 0.6 hadi 0.8 kwa kila kilo ya mwili. Aliyeanza mashine au tumbo anahitaji 1.0 hadi 1.2, kwa sababu tiba yenyewe hupoteza protini. Mtu wa kilo 60 hutoka gramu 36 hadi 48 na kufika 60 hadi 72. Akiendelea kunyimwa nyama na mayai, urea yake itaonekana nzuri huku misuli ikiisha.

Kwa mwenye mashine, potasiamu ndiyo adui wa siku za pengo. Zabibu mbichi za Dodoma, kiganja kimoja, hazina tatizo. Zabibu kavu zina potasiamu karibu mara 4 kwa uzito ule ule. Ubuyu na juisi yake, madafu, ndizi, parachichi na maharage viwekewe kikomo kikali. Mboga zikatwe ndogo, zichemshwe kwenye maji mengi, maji yamwagwe. Mlenda upikwe bila magadi, kwa kuwa magadi ni sodiamu kama chumvi ilivyo. Dagaa wanaoliwa na mifupa na soda nyeusi hubeba fosforasi nyingi. Chumvi mbadala ya dukani mara nyingi ni potasiamu kloridi, na kwa asiyekojoa inaweza kusimamisha moyo.

Nani aende wapi

Mwenye umri wa kati, anayeishi mjini, ana bima na ana ndugu mwenye afya: aanze mashine kwa fistula huku ndugu akipimwa, asisubiri miaka. Anayeishi mbali, bado anakojoa, ana chumba safi na mtu mmoja nyumbani mwenye mikono makini: tumbo, mradi mifuko ina uhakika. Aliyepasuliwa tumbo mara nyingi au mwenye ngiri kubwa abaki kwenye mashine. Mwenye moyo dhaifu ambaye presha huanguka kila akiunganishwa afikiriwe tumbo mapema. Kwa mtoto, haraka ya kupandikiza ni kubwa zaidi, kwa sababu tiba nyingine zote humdumaza. Ikiwa uwezo wa kulipia mashine ni wa miezi miwili tu, familia ikae na daktari kabla ya kuanza. Mkakati wa kuuza shamba halafu kuacha tiba katikati humwacha mgonjwa bila mkojo, bila mashine na bila shamba.

Mkiwa bado hamjaamua, kuna mawili ya kuanza wiki hii, kwa kuwa yanahitaji miezi. Mkono usiotumika kuandikia utunzwe kwa ajili ya fistula: usichomwe sindano wala drip kuanzia kifundo cha mkono kwenda juu, na mwandike hivyo kwenye faili. Chanjo ya homa ya ini B ianze kwa dozi maradufu, mikrogramu 40 kila sindano, mwezi wa 0 (siku ya kuanza), wa 1, wa 2 na wa 6, kisha kinga ipimwe mwezi mmoja au miwili baada ya sindano ya mwisho.